Uzi: Nebula hafifu, vichujio vya bendi nyembamba na sisi tunaoishi juu ya ikweta

Mwanzisha uzi, Kampala

Ndugu zangu wapenzi wa anga, salaam kwenu. Maswali kuhusu kupiga picha nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, yamekuwa yakijirudia, na karibu kila jibu linalotolewa limetoka kwenye miongozo iliyoandikwa na watu wa Ulaya au Amerika Kaskazini, wanaoishi kwenye latitudo za digrii 40 hadi 50. Miongozo hiyo ina manufaa yake, wala siibezi. Ila inachukulia kwamba Nyota ya Kaskazini iko juu ya paa la nyumba yako, kwamba usiku hurefuka na kufupika kwa saa nyingi kulingana na msimu, na kwamba kundi la nyota la Orioni hupita chini upande wa kusini. Kwetu Uganda yote matatu si kweli. Uzi huu ni wa kuyapanga upya mambo hayo kwa mtu anayeishi juu ya ikweta, hasa yule aliyebanwa mjini na taa za majirani.

Nianze na mwanga wenyewe. Nebula ninazozizungumzia ni zile zinazong'aa zenyewe. Nyota changa zenye joto kali humwaga mionzi ya urujuanimno inayong'oa elektroni kutoka kwenye atomu za haidrojeni. Elektroni zinaporudi hushuka ngazi kwa ngazi, na ile hatua ya kutoka ngazi ya tatu kwenda ya pili hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, tunaouita haidrojeni-alfa. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa mistari miwili ya kijani kinachokaribia samawati, ya nanomita 495.9 na 500.7, na salfa iliyopoteza elektroni moja hutoa mistari miwili myekundu zaidi, ya 671.6 na 673.1. Mstari wa oksijeni uliwasumbua wanasayansi kwa miaka mingi. William Huggins aliuona mwaka 1864 alipoelekeza spektroskopu, kifaa cha kutenganisha rangi za mwanga, kwenye nebula ya NGC 6543, na kwa kuwa haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, ikabuniwa elementi mpya iliyoitwa nebuliamu. Mwaka 1927 ndipo Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni ileile tunayoivuta, isipokuwa iko katika gesi adimu mno, ambamo atomu inaweza kukaa makumi ya sekunde bila kugongwa na nyingine, na hivyo kupata nafasi ya kutoa mwanga ambao katika maabara za kawaida haupati nafasi hiyo kamwe.

Kichujio cha bendi nyembamba hupitisha upana wa nanomita 3 hadi 7 hivi kuzunguka mstari mmoja, na kuzuia mengine yote. Mwanga wa nebula katika mstari huo unapita karibu wote, ilhali mwanga wa mji, ambao umetapakaa kwenye upana wa nanomita mamia kadhaa, unabaki sehemu ndogo sana. Taa za zamani za sodiamu, zile za manjano, zilikuwa rahisi kuziepuka kwa sababu mwanga wake mwingi uko karibu na nanomita 589. Taa nyeupe za LED ni mfululizo wa rangi zote, kwa hiyo daima kuna kiasi kinachopenya, na ndiyo maana nashauri kichujio cha nanomita 3 kwa anayekaa katikati ya mji iwapo mfuko unaruhusu. Anayekaa pembezoni atosheke na 7. Kumbuka pia kwamba kichujio hiki hakisaidii kitu kwa galaksi, wala kwa vumbi linaloakisi mwanga wa nyota kama lile linaloizunguka Kilimia, kwa sababu vitu hivyo hung'aa kwa rangi zote kama taa zilivyo.

Sasa baraka zetu. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zinatufungia anga, lakini vipindi viwili vya kiangazi vinaangukia mahali pazuri mno. Desemba hadi Februari tunapata Orioni na nebula ya Rosette karibu kabisa na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa: kutoka Kampala, nebula kuu ya Orioni hufika digrii 84 juu ya upeo wa macho na Rosette digrii 85. Juni hadi Agosti tunapata kitovu cha Njia Nyeupe, nebula ya Tai kwenye digrii 76 na ya Lagoon kwenye digrii 65. Mkazi wa London huiona Lagoon ikijikokota juu ya mapaa, ilhali nebula ya Carina haioni kabisa, na mkazi wa Cape Town haioni nebula ya Moyo, IC 1805. Sisi tunaziona zote mbili kutoka uwanja mmoja, kila moja ikifika kiasi cha digrii 30, moja kusini na nyingine kaskazini. Tena usiku wetu wenye giza kamili, ukiondoa machweo na mapambazuko ambayo huchukua kama saa moja na dakika kumi kila upande, ni karibu saa tisa na nusu mwaka mzima.

Kasoro ya kiangazi chetu ni vumbi na moshi wa kuchoma nyika. Anga huonekana safi kwa macho, kumbe nyota hafifu zimefifia na mwanga wa mji umetawanyika zaidi. Manyunyu yaliyopita mchana katikati ya kiangazi hulisafisha anga kuliko wiki nzima ya ukavu, na usiku unaofuata manyunyu hayo ndio wa kuacha shughuli nyingine zote.

Lililo gumu kwetu ni stendi. Stendi ya ikweta ina mhimili unaotakiwa kulingana na mhimili wa dunia, na kwetu maana yake ni kwamba mhimili huo unalala karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi zinazouzwa haziwezi kushuka chini ya digrii 15 au 20, na hata zile zinazoshuka, ufito wa uzani unaosawazisha darubini unaelekea chini moja kwa moja na kugonga mguu wa tripodi. Mafundi wa kuchomelea wa Katwe, hapa Kampala, wanaweza kukutengenezea kabari ya chuma: bamba mbili nene zilizounganishwa kwa pembe ya digrii 20, tundu la boliti ya stendi juu, tundu la tripodi chini. Ukishafunga kabari hiyo, stendi "inadhani" iko kwenye latitudo ya 20 huku mhimili wake umelala inavyopaswa. Mwambie fundi aweke mbavu mbili za kuimarisha pembeni, kwani bamba lisilo na mbavu hunesa, na kunesa kwa kiasi usichoweza kukiona kwa macho kunatosha kurefusha nyota zote kwenye picha ya dakika tano. Juu ya tripodi ongeza nguzo fupi ili uzani upite bila kugusa miguu.

Nitaendelea na suala la muda wa picha. Kwanza nipokee maswali.

Mchangiaji, Mbarara

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa uzi huu. Mimi nina stendi ndogo ya kufuatia nyota na kamera ya kawaida. Swali langu ni la mwanzo kabisa: mhimili nauelekeza wapi, na kwa kutumia nini, ikiwa Nyota ya Kaskazini siioni? Tena nimeona jambo la ajabu: stendi ya rafiki yangu ilifanya kazi vizuri kwake Kampala, lakini alipokuja nayo huku ilianza kuzifuata nyota kinyume.

Mwanzisha uzi

Marahaba. Nianze na hilo la pili kwa sababu linafurahisha na jibu lake liko barabarani. Ukitoka Kampala kuja Mbarara unavuka ikweta pale Kayabwe. Mbarara iko kiasi cha digrii 0.6 kusini. Stendi yenye GPS, au programu iliyoingiziwa latitudo yenye alama ya kutoa, inatambua kwamba iko kizio cha kusini, na kizio cha kusini mhimili huelekezwa ncha ya kusini ya anga na mota huzunguka upande mwingine. Rafiki yako aliuelekeza mhimili kaskazini kama alivyozoea. Augeuze uelekee kusini, au abadilishe kizio kwenye mpangilio wa stendi, na tatizo litakwisha.

Kuhusu Nyota ya Kaskazini: usihangaike nayo hata siku utakapoiona. Iko mbali na ncha yenyewe kwa zaidi ya nusu digrii, na ikiwa kwenye upeo wa macho, hewa hupinda mwanga wake na kuinyanyua kwa nusu digrii nyingine hivi. Anayelenga kwa kuitazama analenga mahali ambapo ncha haipo.

Njia ya kwanza ni ya programu. NINA, ambayo ni ya bure, ina nyongeza inayopiga picha tatu huku mhimili ukizungushwa kati ya picha na picha. Programu inatambua nyota za kila picha, inakokotoa mhimili wako unaelekea wapi hasa, kisha inakuonyesha kosa likipungua huku ukikaza na kulegeza skrubu. Haihitaji kuiona ncha. Ielekeze sehemu ya anga iliyo juu, mbali na ukungu wa upeo wa macho. Programu zinazodai kamera ielekee karibu na ncha yenyewe hazitufai sisi, kwa kuwa ncha zetu zote mbili zimezama kwenye miti na vumbi.

Njia ya pili ni ya wazee, na haihitaji kompyuta. Elekeza kaskazini kwa dira, ukikumbuka kwamba dira ni makadirio tu. Chagua nyota iliyo karibu na utosi, iache stendi ifuate bila kurekebishwa, na utazame nyota inahamia wapi kwa dakika tano au kumi. Ikisogea kusini, mhimili umeenda mno mashariki. Ikisogea kaskazini, umeenda mno magharibi. Ukisharekebisha, chagua nyota iliyo chini upande wa mashariki: ikisogea kusini mhimili uko chini mno, ikisogea kaskazini uko juu mno. Maelezo haya ni ya mhimili unaoelekea kaskazini. Wewe wa Mbarara ukiuelekeza kusini, majibu yanageuka. Rudia mpaka nyota itulie.

Mchangiaji, Entebbe

Hongera kaka kwa maelezo. Mimi nina ile darubini ndogo ya kisasa inayojiendesha kwa simu, ambayo huzunguka kushoto na kulia na kupanda na kushuka, bila mhimili wa ikweta. Nimesoma sehemu nyingi kwamba vifaa vya namna hii havifai kwa picha za muda mrefu kwa sababu uwanja wa picha huzunguka. Je, nimepoteza fedha?

Mwanzisha uzi

Hujapoteza, dada. Hapa ndipo ikweta inapotupendelea, na jambo hili sijaona miongozo ya nje ikilitaja vya kutosha.

Ni kweli kwamba darubini ya namna hiyo inapofuata kitu, picha huzunguka polepole, na hatimaye nyota za pembezoni huchora tao. Kasi ya mzunguko huo, kwa digrii katika saa moja, ni 15 mara kosaini ya latitudo, mara kosaini ya upande unaoelekea ukihesabu kutoka kaskazini, kugawa kwa kosaini ya kimo, yaani pembe ya kitu juu ya upeo wa macho. Kwetu kosaini ya latitudo ni 1, yaani kubwa kuliko mahali pengine popote, na kwa haraka haraka mtu angedhani tuna hali mbaya kuliko wote. Lakini tazama kosaini ya upande. Kitu kilicho karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio sawa na ikweta ya dunia), kama mkanda wa Orioni, kwetu huchomoza mashariki kamili, hupanda wima hadi utosini, kisha hushuka magharibi kamili. Upande wake ni digrii 90 wakati wote, kosaini yake ni sifuri, na mzunguko nao ni sifuri.

Chukua Rosette, iliyo digrii 5 kaskazini mwa ikweta ya anga. Saa tatu kabla haijafika katikati ya anga, iko kwenye kimo cha digrii 45 hivi, na kasi ya mzunguko ni kama digrii 2.6 kwa saa. Kwa picha ya sekunde 60, nyota iliyo pikseli 1,100 kutoka katikati itasogea chini ya pikseli moja, jambo ambalo hutalitambua. Ikibaki saa moja kufika katikati, kasi inapanda hadi digrii 17 na ushei, na picha hiyohiyo itaharibika pembeni. Kwa hiyo anza mapema, acha ikikaribia utosi, nenda kapige chai, halafu rudi ikishavuka upande wa magharibi.

Carina ni kinyume chake. Iko kusini, kimo cha digrii 30, na kasi yake inapofika katikati ni digrii 17.3 kwa saa bila nafuu yoyote. Huko usizidishe sekunde 10 kwa kila picha. Kwa kichujio cha bendi nyembamba sekunde 10 ni chache mno, na sababu yake naieleza hapa chini.

Mwanzisha uzi (mwendelezo: muda wa picha)

Watu huuliza, "Picha moja iwe ya dakika ngapi?" kana kwamba kuna namba moja ya wote. Kila unapofunga shata na kusoma sensa, kamera inaongeza chenga zake, yaani vipunje vya ovyo vinavyochafua picha. Shabaha yetu ni kuacha shata wazi kwa muda wa kutosha ili chenga za mwanga wa anga zifunike zile za kamera. Ukishafika hapo, kurefusha zaidi hakukuongezei kitu isipokuwa hasara kubwa pale upepo au boda boda yenye taa kali inapoharibu picha.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua chenga za kusoma za kamera yako, zidisha zenyewe kwa zenyewe, zidisha kwa 10, kisha gawa kwa idadi ya elektroni ambazo anga linaingiza kwenye pikseli moja kila sekunde. Hiyo 10 maana yake ni kwamba umekubali kamera ikuongezee asilimia 5 tu ya chenga. Tuseme kamera ina chenga za elektroni 1.5: mraba wake ni 2.25, mara kumi ni 22.5. Bila kichujio, tuseme anga la mjini linaingiza elektroni 2 kwa sekunde. Jibu ni sekunde 11. Weka kichujio cha haidrojeni-alfa, anga hilohilo lishuke hadi elektroni 0.05, na jibu linakuwa sekunde 450, yaani dakika saba na nusu. Hii ndiyo sababu bendi nyembamba hudai picha ndefu na stendi nzuri: kichujio kimeliondoa anga, na sasa kamera ndiyo inayobaki kuchafua.

Lakini urefu wa picha moja ni nusu ya jambo, na kwa maoni yangu ni nusu ndogo. Jumla ya saa ndiyo inayoamua. Ubora wa ishara dhidi ya chenga hukua kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha muda: ukitaka picha iwe safi mara mbili, kusanya mara nne ya saa. Mtu aliyepata saa moja kwenye vitu vinne ana picha nne dhaifu; angekaa na kimoja kwa saa nne angekuwa na moja ya kuonyesha. Mnajua tao la oksijeni karibu na galaksi ya Andromeda? Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, ambao ni wapenzi wa anga kama sisi, walilitangaza mwezi Januari 2023, pamoja na wanasayansi waliowaunga mkono. Galaksi hiyo imepigwa picha na maelfu ya watu kwa zaidi ya karne moja, na tao hilo, lenye urefu unaozidi digrii moja angani, halikuwa limeonekana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekaa hapo na kichujio cha oksijeni kwa muda wa kutosha. Uthibitisho wake ulikusanya saa nyingi kutoka kwa wapiga picha kadhaa.

Kamera za kawaida, kama ya ndugu yetu wa Mbarara, zina kioo mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga wa nanomita 656, hivyo haidrojeni-alfa inafika ikiwa imekatwa sana. Kioo hicho kinaweza kuondolewa na fundi anayejua kazi. Zaidi ya hapo, kwenye sensa ya rangi ni pikseli moja tu kati ya nne inayoona nyekundu. Anayeanza na kamera ya rangi atumie kichujio cha bendi mbili, kinachopitisha haidrojeni na oksijeni kwa pamoja. Ni njia ya kati, na matokeo yake yanaridhisha.

Mchangiaji, Gulu

Naomba kutofautiana kidogo, ssebo. Kwa nini tuhangaike na vichujio vya bei ghali na saa nyingi mjini, wakati nchi yetu bado ina giza la kweli? Nenda Karamoja, toka nje ya Moroto, uone Njia Nyeupe inavyong'aa. Fedha ya kichujio kimoja ni mafuta ya safari nyingi.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ina uzito, na kwa galaksi, kwa vumbi na kwa Kilimia nakubaliana nawe moja kwa moja: hakuna kichujio kinacholeta anga la Karamoja Kampala. Lakini kwa nebula hafifu za haidrojeni hesabu ni tofauti. Kitanzi cha Barnard kinachoizunguka Orioni, kwa mfano, kinahitaji usiku mwingi wenye saa nyingi, na mtu mwenye ajira hawezi kulala Moroto kila Jumanne. Anayeweza kutoka sebuleni na kuwasha vifaa kwa nusu saa atakusanya saa nyingi kuliko anayesafiri mara chache kwa mwaka. Tena hata huko gizani kichujio kina kazi, kwani anga lenyewe hutoa mwanga hafifu wa oksijeni ya juu ya angahewa kwenye nanomita 557.7, nacho kinauzuia.

Kwa watakaosafiri, neno moja la kiutendaji: pitia kwanza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa eneo hilo na umweleze unachofanya, ikiwezekana umwonyeshe picha kwenye simu. Mtu mwenye bomba jeupe juu ya miguu mitatu, taa nyekundu na nyaya, usiku wa manane, anatia watu wasiwasi, na wana haki ya kuwa nao.

Mchangiaji, Jinja

Mwalimu, mimi nakaa karibu na ziwa. Unyevu unanimaliza: kufika saa tano usiku lenzi imeshalowa. Na picha za giza na za mwanga sawa, zinahitajika kweli, au ni mbwembwe?

Mwanzisha uzi

Mkanda wa kupasha joto kuzunguka mdomo wa darubini ni lazima kwa mtu wa ziwani, na uwashwe kabla umande haujaanza, si baada ya kuona ukungu kwenye picha. Vifaa ukishavitumia usivifungie kwenye sanduku vikiwa na unyevu. Kuvu huota kwenye lenzi na huacha alama zisizofutika. Weka pakiti za silika ndani ya sanduku na uzibadilishe. Kompyuta yako iwekee kasha, maana wale vijidudu vya ziwani hufuata mwanga wa skrini kwa maelfu. Kwa umeme usitegemee waya wa nyumbani pekee: betri ya volti 12 inayochajiwa mchana kwa sola itaendesha stendi, kamera na mkanda hata umeme ukikatika katikati ya kazi.

Picha za giza, zile zinazopigwa lenzi ikiwa imefunikwa ili kuondoa vidoa vya sensa, si mbwembwe, hasa kwetu. Mkondo wa joto wa sensa huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 6 au 7 hivi, na usiku wa nyuzi 19 kamera isiyopozwa hujaa vidoa. Mwenye kamera ya kupozwa aweke nyuzi 10 chini ya sifuri, ambayo kamera nyingi zinaifikia hapa bila taabu, na atengeneze hazina ya picha za giza msimu wa mvua, wakati hakuna kingine cha kufanya. Picha za mwanga sawa, zinazopigwa kwenye uso wenye mwanga ulioenea sawasawa ili kuondoa vivuli vya vumbi, zipigwe kwa kila kichujio peke yake, kwani vumbi kwenye kichujio cha salfa silo lililo kwenye cha oksijeni. Kila baada ya picha chache iyumbishe stendi kwa pikseli kadhaa, ili vidoa vya sensa visirundikane mahali pamoja. Programu ya kurundika, yaani kuunganisha picha nyingi kuwa moja, iwe Siril ambayo ni ya bure au nyingine, itavitupa pamoja na michirizi ya setilaiti.

Mchangiaji, Mbarara

La mwisho kwangu, mwalimu. Rangi zile za dhahabu na samawati, ni za kweli? Na mwezi ukiwepo nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Rangi hizo zinatokana na mpangilio ambao wengi waliujua kupitia picha ya nebula ya Tai iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995, kazi ya Jeff Hester na Paul Scowen: salfa hupewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni samawati. Macho hayangeona hivyo, kwa kuwa salfa na haidrojeni zote ni nyekundu. Lakini mpangilio huo unaonyesha kitu ambacho ni cha kweli: oksijeni inahitaji mionzi yenye nguvu zaidi kupoteza elektroni ya pili, hivyo hujitokeza karibu na nyota zenye joto kali, ilhali salfa huonekana zaidi kingoni. Haidrojeni ikiwa nyingi picha nzima hugeuka kijani, na hapo utahitaji kuinyanyua salfa na oksijeni kabla ya kuchanganya. Unachodaiwa ni kuandika chini ya picha mpangilio ulioutumia.

Kuhusu mwezi, gawa kazi. Mbalamwezi ni mwanga wa jua ulioakisiwa, nao hutawanyika angani zaidi kwenye samawati na kijani kuliko kwenye nyekundu. Kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu piga haidrojeni-alfa na salfa, mradi kitu chako kiko mbali na mwezi, na siku zenye giza uziachie oksijeni peke yake. Januari, kwa mfano, anza na oksijeni ya Rosette katika wiki ya mwezi mwandamo, jaza haidrojeni mwezi unapokua, na saa za baada ya usiku wa manane, Rosette ikishashuka magharibi, geuza darubini kusini uanze kukusanya Carina.